Mapafu ya Blanchard

Maître Joséphine Katsuva aliipitia dosie ile karatasi kwa karatasi. Alilamba kidole, akageuza, akalamba tena, na alipofika mwisho aliifunga akaipiga kofi la furaha.

"Mama Falone," akasema, "miaka kumi na mbili niko natetea wafanyakazi hapa Bunia, sijaona dosie safi kama hii. Kontra ya kazi iko. Karatasi za mushahara ziko. Picha ya kifua iko. Sertifika ya dokta iko. Na jina ni moja tu, kutoka juu mpaka chini. Ile kampuni itasema nini?"

Domitille, ambaye mtaani Ngezi wanamwita Mama Falone kwa jina la binti yake mkubwa, alitabasamu nusu na kuangalia viatu vyake. Jina lilikuwa moja, ni kweli. Ila halikuwa jina la mume wake.

Tulieleze mapema, maana jambo lenyewe si gumu, lina aibu tu. Antoine, mume wake, alikikimbia kijiji cha Bule mwaka ule nyumba zilipochomwa, akafika Bunia na suruali moja, mke na watoto wawili. Karte yake ya kupigia kura iliungua pamoja na nyumba. Na Congo hii, ndugu yangu, mtu bila karte ya kupigia kura si mtu. Hupati laini ya simu, hupiti kizuizi cha askari, hupati kazi. Kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu walitaka karte kabla hata ya kutazama mikono yako. Ndipo mdogo wake Antoine, Blanchard Ngabu, mwalimu wa shule ya msingi mtaa wa Lumumba, alipomwazima ya kwake. Sura zao zilikaribiana, pua ile ile, masikio yale yale. Blanchard akaenda kutangaza kwamba karte yake imepotea, akapewa nyingine, mambo kwisha.

Hakuna aliyeona dhambi hapo. Ndugu wanaazimana koti la harusi, wanaazimana baiskeli, wanaazimana hata mtoto wa kulea. Karte nayo ni kitu gani? Nusu ya wanaume wa kinu kile walikuwa wakiitikia majina ya kaka zao, na kapita, msimamizi aliyewaandika, alijua, akacheka, akaendelea kuandika.

Basi miaka minane Antoine akawa Blanchard, kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Jumamosi mchana. Mashine ilisaga mawe meupe makavu bila tone la maji, kwa sababu maji, ati, yanachelewesha kazi, na vumbi liliruka hadi mtu hamwoni mwenzake aliye hatua mbili mbele. Kinga ilikuwa kipande cha fulana kuukuu alichojifunga mdomoni. Kila Jumamosi alirudi nyumbani mweupe kama mtu aliyelala kwenye unga wa muhogo, na Domitille alimpangusia uani akimtania, "Karibu, muzungu yangu." Siku hizi akikumbuka utani ule anatamani kujing'ata ulimi.

Kikohozi kilipoanza, kituo cha afya kilisema ni kifua kikuu. Wakapima makohozi, hawakuona kijidudu hata kimoja. Wakasema basi ni kifua kikuu kilichojificha, wakampa vidonge vya miezi sita. Antoine akakonda. Wakapima tena, hawakuona kitu tena, wakasema hiki sasa ni kile kikali kinachoshinda dawa, wakaanza upya na sindano zilizomwua sikio la kushoto. Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo, na hakuna hata mmoja wao, hata mmoja, aliyevuta kiti na kumwuliza, baba, unafanya kazi gani? Hasira hiyo Domitille alilala nayo na kuamka nayo. Swali lenyewe halilipiwi!

Aliyeliuliza alikuwa Dokta Viviane, daktari kijana wa hospitali kubwa, baada ya kuinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Alipojibiwa aliishusha picha mezani.

"Papa, hii haiko kifua kikuu," akasema. "Hii ni mawe. Umevuta vumbi ya mawe miaka munane, na sasa mapafu yanageuka ngumu."

Akawaeleza kwamba ugonjwa unaitwa silikosi na hauna dawa. Kuna mashine tu, ya kukaa kando ya kitanda na kumpa mgonjwa oksijeni mchana na usiku; akiwa nayo anaweza kuishi miaka, akiikosa ni miezi. Na sheria inasema, akaongeza huku akiandika sertifika, ugonjwa ukitoka kazini, mwenye kazi ndiye anayemtibu mfanyakazi. "Mutafute mutetezi. Musikawie." Kwenye sertifika aliandika jina alilolikuta kwenye kadi ya matibabu ya kampuni, yaani Blanchard Ngabu.

Domitille hakutaka utajiri wa mtu. Alitaka mashine. Alikuwa ameiona kwenye chumba cha hospitali, ndogo tu, yenye magurudumu, na tangu siku hiyo hakuwaza kitu kingine. Mara mbili alitaka kumwambia Maître Joséphine ukweli wa jina. Mara ya kwanza Antoine alimkataza. Mara ya pili alikuta yule mama anaipiga dosie kofi la furaha, akakosa moyo wa kumharibia.

Siku ya kusikilizwa ilifika, ofisini kwa inspekta wa kazi, mzee mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Antoine hakuweza kuja. Kutoka kitandani hadi mlangoni kulimtosha kwa siku nzima. Wakili wa kampuni alichelewa nusu saa, akaingia bila haraka. Nyuma yake, amevaa shati la Jumapili, alikuwa Blanchard.

Domitille alimwona akafurahi. Kweli, alifurahi! Alidhani shemeji yake amekuja kuwasaidia. Alikuwa ameshaanza kusogea ampishe kwenye benchi, lakini Blanchard akapita bila kumtazama, akaketi upande wa pili.

"Muheshimiwa inspekta," wakili akasema, "mulalamikaji anaitwa Blanchard Ngabu. Blanchard Ngabu ni huyu hapa. Ni mwalimu wa serikali. Juzi tulimupeleka kupigwa picha ya kifua. Tazameni."

Akaiinua. Mapafu mawili meusi, safi, bila doa. Kando yake akaweka ile picha ya Dokta Viviane, iliyojaa madoadoa meupe kila mahali. Kampuni ilikuwa imechunguza, na mtu fulani wa pale kinuni alikuwa amewaambia Blanchard wa kweli anafundisha wapi.

"Mutu mumoja hawezi kuwa na vifua viwili," wakili akasema, na mwandishi wa ofisi akacheka.

Inspekta hakucheka. Alimgeukia Blanchard. "Weye ndiye Blanchard Ngabu?"

"Ndiyo."

"Ulifanya kazi kwa kile kinu?"

"Hapana, muheshimiwa."

"Sasa nani alifanya kazi na karte yako?"

Blanchard alikunja vidole vyake akavikunjua. Domitille aliona jasho likimtoka juu ya mdomo, mahali pale pale lilipokuwa likimtoka Antoine.

"Karte yangu ilipotea," akasema. "Mwaka ile. Nilitangaza, karatasi iko. Sijuwe nani aliokota."

"Blanchard!" Domitille alikuwa amesimama kabla hajajua. "Weye! Mutoto ya tumbo moja! Unamufanya kaka yako mwizi?"

Inspekta akagonga meza, akamwomba mama aketi, akamtazama Maître Joséphine, na Maître Joséphine akamtazama Domitille kwa macho ya mtu aliyekalishwa juu ya siafu. Yule mzee hakuwa mjinga. Alielewa yote mle ndani kwa dakika moja, ila alichoelewa si alichoweza kuandika. Alitoa siku kumi na tano. Blanchard akija mwenyewe kutangaza kwamba aliyefanya kazi kwa jina lake ni kaka yake, dosie itaendelea na kampuni italazimika kujibu. Asipokuja, itafungwa.

Nje, kwenye baraza, Maître Joséphine alimtolea Domitille maneno yote aliyokuwa ameyabana. "Mimi ni mutetezi yako! Mimi! Dokta akikuuliza wapi panauma, unamuonyesha mukono ingine? Mficha uchi hazai, mama! Ungeniambia mbele, tungeanza na jina. Mashahidi kumi wangesimama. Sasa tuko tunaonekana matapeli." Kisha hasira ikamwisha, akamshika bega. "Nenda kwa shemeki yako. Piga magoti kama ni lazima. Mimi siwezi kumulazimisha, weye labda."

Alikwenda siku hiyo hiyo hadi Lumumba. Alimkuta Blanchard mezani anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi, na mke wake akatoka chumbani kwa adabu ya mtu anayejua kilicholetwa.

"Shemeki," Blanchard alianza kabla hajaulizwa, "balikuja hapa wawili ya kampuni na kitabu ya sheria. Balinionyesha musitari. Kuazima karte ni kosa, kutangaza uongo ni kosa, kosa mbili, miaka ya gereza. Balisema nikija kusema jina yangu tu, bananiacha."

"Na ukasema karte iliokotwa."

"Nilifundisha miaka kumi na moja bila serikali kunijua. Miaka kumi na moja! Nikila kwa wazazi wa watoto, mara maharagwe, mara hakuna. Juzi juzi ndiyo nimepata namba ya serikali na mushahara. Nikiingia gereza, hii namba imekufa. Niko na bana tano ya kulisha."

"Antoine yuko na ngapi?"

Blanchard akafunika kalamu yake nyekundu.

"Sitaki pesa zako," Domitille akasema, na alipiga magoti kweli, kwenye sakafu ile ya saruji, yeye mke wa kaka mkubwa. "Nataka maneno. Uje pale, useme, 'Nilimwazima kaka yangu.' Basi. Batamupa mashine, atapumua."

"Simama, shemeki, unaniaibisha. Yaya Antoine ataelewa. Muulize, yeye ataelewa."

Na la kuudhi ni kwamba Antoine alielewa. Alikuwa ameegemea kiti kilichopinduliwa kitandani, kwa sababu akilala chali alizama, na aliongea maneno matatu, akapumua, akaongeza matatu.

"Mimi nilienda kumuomba," akasema. "Hakunilazimisha. Usimufungishe mudogo wangu."

"Na mimi? Na Falone? Sisi utatufanya nini?"

"Domitille. Usimufungishe."

Wema wa namna hii, jamani, unamwudhi mtu kuliko uchoyo. Domitille alitoka uani akafua nguo ambazo hazikuwa chafu, akizipiga jiweni hadi jirani akachungulia. Alimpenda mume wake na siku hiyo alimchukia. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu alitaka kula peke yake na kuwaachia wao sahani.

Siku ya kumi na tano walingoja ofisini kuanzia saa mbili. Kila mlango ulipolia Domitille aligeuka. Saa sita inspekta alivua miwani yake, akasema maskini, mama, mikono yangu imefungwa, akaifunga dosie.

Siku tisa baadaye midomo ya Antoine iligeuka rangi, wakamkimbiza hospitalini kwa pikipiki, Domitille akiwa nyuma amemshikilia asianguke. Chupa ya oksijeni ilikuwa moja na wagonjwa walikuwa watatu, wakipokezana. Ijumaa saa nne asubuhi, zamu ikiwa ya mwingine, Domitille alikuwa akipoza uji kwenye kikombe. Alipogeuka na kijiko, Antoine alikuwa amemaliza.

Muuguzi mkuu alikuja na fomu ya kifo. Alinakili kutoka kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, akasita, akauliza kwa upole, "Mama, jina ndiyo hii? Blanchard Ngabu?"

Hapo Domitille angeweza kusema hapana. Hakuna mtu angemkatalia, muda ule, chochote. Aliutazama uso wa mume wake, akayatazama maandishi, na hasira iliyomjia haikuwa na kelele hata kidogo.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo jina muliandika tangu mwanzo."

Walitaka karatasi? Basi karatasi hiyo. Antoine angemkataza, lakini Antoine hakuwepo tena wa kukataza. Kabla hata ya kwenda kuwaambia watoto, aliipeleka kwenye komine, ofisi ya serikali ya mtaa, wakaandika kifo kwenye kitabu chao na kupiga muhuri. Kutoka hapo akaenda kwenye redio ya mtaa, ambako kijana wa matangazo alisoma karatasi hewani na kusema poleni sana.

Jumamosi mchana Blanchard alikuwa kwake anakula maharagwe. Alisikia vilio vikitoka barabarani, akadhani kuna msiba kwa jirani, akaongeza chumvi. Kumbe walikuwa waalimu wenzake na wamama wa kwaya, na direkteri wa shule mbele yao, na waliingia uani wakipiga ukemi: "Blanchard ee! Blanchard umetuacha!" Mama mmoja alimwona na kijiko mkononi, akaanguka chini. Mwingine akakimbia. Direkteri, mtu mzima na heshima zake, akamgusa shavu kwa kidole kimoja.

Wakacheka, baadaye kidogo, kwa mshtuko. Blanchard naye akacheka. Kisha akauliza redio ilisema marehemu amefia hospitali gani, na kwa ugonjwa gani, na walipomwambia, kijiko kilimtoka mkononi.

Alikuja matanga. Alilia, na hakuwa akiigiza. Alikaa chini siku tatu, hakula, alibeba jeneza upande wa kichwani. Hakusema neno juu ya jina, na Domitille hakumsemesha. Pasta alimzika Antoine kama Antoine, kwa sababu pale makaburini kila mtu alimjua.

Mwisho wa mwezi Blanchard alienda benki na kuambiwa amekufa. Kwa kweli direkteri alikuwa mtu mwaminifu: alikuwa amemwona mwalimu wake hai, akaandika hivyo, lakini komine nayo ilikuwa imetuma karatasi yake yenye muhuri, na huko juu kati ya barua na muhuri walichagua muhuri. Namba yake ilifutwa. Alizunguka wiki mbili, ofisi hii inampeleka ile. Mwishowe karani wa komine akamwambia wazi: kitabu hakifutwi kwa maneno matupu. Mtu amekufa kwa jina hili, maiti ilikuwepo. Utuambie, mbele ya inspekta uliyemwambia kwamba hujui, yule aliyekufa ni nani, na karte yako aliipata wapi. Na mke wa marehemu awepo athibitishe.

Alifika Ngezi asubuhi, viatu vimejaa matope. Domitille alikuwa anachambua mboga. Blanchard hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti palepale penye maganda.

"Shemeki, twende. Nakuomba. Nitasema yote."

Alimwacha hapo chini muda kidogo. Alikuwa ameingoja siku hiyo, alikuwa amepanga na matusi, mazuri, ya kutosha ukoo mzima. Lakini alipomwona mabega yanamtetemeka kama ya Antoine alipokohoa, matusi yalikauka yote. Akanawa mikono, akafunga kitenge, wakaenda.

Maître Joséphine aliwakuta mlangoni kwa inspekta. Inspekta alivaa miwani yake, akachukua kalamu. Blanchard alisimama bila kuambiwa, akaanza. Kwamba aliyekufa ni kaka yake, Antoine, mzaliwa wa Bule. Kwamba alimpa karte kwa mkono wake mwenyewe. Kwamba haikupotea, alitangaza uongo. Kwamba ni Antoine aliyefanya kazi kinuni miaka minane, kila Jumamosi alimwona akirudi mweupe kichwa hadi vidole, na yeye, Blanchard, hajawahi kukanyaga pale. Sauti ilianza ndogo, ikapata nguvu, na yote yalitoka yamenyooka, kwa mpangilio, kama mwalimu anavyojua kupanga.

Inspekta aliandika hadi mwisho, akamgeuzia karatasi atie sahihi.

"Na gereza?" Blanchard akauliza, kalamu hewani.

"Kwa ajili ya karte?" mzee akasema kwa uchovu. "Nusu ya Ituri ingelala gerezani. Utalipa faini kidogo. Hii ndiyo nilikuuliza siku ile, mwalimu."

"Ndiyo."

"Hii hii."

"Nilikuwa na woga, muheshimiwa."

Blanchard akatia sahihi. Maître Joséphine aliinama sikioni kwa Domitille na kumnong'oneza kwamba sasa wana kitu, dosie inafunguliwa, kampuni haitachomoka, mjane na watoto wana haki zao na yeye atazidai hadi Kinshasa. Domitille aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani, nyuma ya inspekta, tangu Blanchard aliposimama hadi alipoketi, akihesabu dakika.

"Dakika ine," akasema.

"Unasema nini, mama?" inspekta akauliza.

"Amesema yote kwa dakika ine. Siku kumi na tano tulimungoja."

Inspekta akampitishia kalamu, na Domitille akatafuta mahali pa kutia sahihi yake.